Nusu ya Kidonge

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la hospitali moja huko Muleba nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu binti mmoja, mwanafunzi wa unesi, alikuwa akimfundisha bibi mmoja kutunza presha yake nyumbani.

"Bibi, rudia nilivyokueleza mwezi uliopita."

Bibi akarudia kama katekisimu: kidonge kimoja kila asubuhi, chumvi kidogo, asiruke siku. Binti akatabasamu. Alipompima, tabasamu likaisha.

"Mbona presha iko juu vilevile? Unameza kweli?"

"Nameza na jirani yangu." Akatoa kidonge kwenye kitambaa, akakipasua kwa kucha penye mstari, kama tunavyopasua akamwani, kahawa ya kutafuna, mgeni akifika. "Naye ana presha. Nile peke yangu akinitazama?"

"Kidonge si kahawa, bibi! Mwambie aje apewe vyake."

"Aje, mgonjwa wake amwachie nani?"

"Akuachie wewe."

"Na wangu?"

Siku hizi kila nyumba ina mgonjwa wake, na ugonjwa wenyewe hatuutaji. Binti akafungua daftari lake la masomo, akalifunga.

"Waitu, bibi yangu mpendwa, nusu haitibu. Mtakufa wote wawili."

"Najua, mwanangu. Lakini nikipona peke yangu, nani atanisaidia kuwazika wagonjwa wetu?"

Sista mkuu akapita, akauliza, "Mgonjwa ameelewa somo?"

"Ameelewa," binti akajibu, wala hakusema uongo.

Tangu siku ile natafuta wa kumlaumu. Nimechoka kabla sijampata.