Kamera ya dijitali ilivyoingia chumba cha hina, Kisugu

Wakuu, salamu kutoka Bukoto, Kampala.

Kuna mwenzetu aliuliza humu kama aachane na kamera ya filamu ahamie dijitali. Namjibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mwanamke, napiga picha za sherehe. Wateja wangu wengi ni familia za Wanubi, hasa siku ya hina. Bibi harusi anapambwa, wanawake wanacheza vichwa wazi, mwanaume haingii. Simu zote zinabaki kwenye beseni mlangoni.

Kamera yangu ya filamu ilikuwa inapita. Walijua nasafisha filamu mwenyewe nyumbani, kisha nawaletea picha pamoja na negative, yaani ile filamu yenyewe iliyosafishwa. Kwangu haibaki picha ya mtu.

Dijitali nilikuwa nayo, used lakini nzima. Ilikaa tu kwenye begi. Niliogopa kwamba siku nikiitoa, milango ile yote itafungwa.

Majuzi nilikuwa Kisugu, kwa Hajati anayemwoza mjukuu wake. Nimepiga weee, filamu inakaribia kuisha, ndipo nikaangalia kile kishikizo cha kurudishia filamu.

Hakizunguki.

Kwa wasioijua kamera hizi: ukisogeza filamu, kishikizo nacho huzunguka. Kikitulia, ujue filamu haikushika tangu mwanzo. Unapiga hewa.

Hina ilishaanza kukauka. Nikamwambia Hajati ukweli: hatuna hata picha moja, na iliyobaki kwenye begi ni dijitali.

Shangazi wa bibi harusi akadakia, "Eh, nyabo! Simu yangu iko kwenye beseni, halafu kamera yako yenye kioo iingie? Kesho mtaa mzima wa Bwaise unatuangalia tukicheza!"

Bibi harusi akainama. Alitazama tu mikono yake.

Nikafungua kamera, nikawaonyesha kadi. "Picha zote zinakaa humu. Hii ndiyo negative yenu. Nikimaliza, mnabaki nayo."

"Na tumboni mwa kamera hakibaki kitu?" Hajati akauliza.

"Jaribu mwenyewe, mama."

Nikampa kamera bila kadi. Akamwelekezea shangazi, akabonyeza. Kioo kikaandika kwamba hakuna kadi.

"Wallahi, imekuwa kipofu!" Hajati akasema.

Chumba kizima kikacheka. Shangazi akavuta gauni lake la gomesi. "Basi ngoja nijiweke sawa. Sitaki kubaki kwenye picha kama nimetoka kupalilia."

Ngoma ikaanza upya, na bibi harusi akainua uso.

Nilipomaliza, Hajati aliifunga kadi kwenye ncha ya leso yake. Jumamosi iliyofuata nilirudi na printa ndogo inayosoma kadi yenyewe, tukachapisha pale sebuleni. Hata chai sijamaliza, akanyoosha mkono: "Leta negative yangu."

Ndugu uliyeuliza, usianze na swali la kamera ipi ni bora. Jiulize kwanza wateja wako walikuwa wanaamini nini kwenye ile ya zamani. Wangu hawakuwa na mapenzi na filamu. Walipenda kwamba naondoka mikono mitupu. Hilo linahamishika hata kwenye dijitali, ukilielezea taratibu.

Filamu bado napiga, lakini Jumapili, picha zangu mwenyewe. Na kishikizo nakiangalia kila mara!

Wapiga picha wenzangu, ninyi mkishamaliza kazi, kadi inabaki kwa nani? Karibuni tujifunze.