Kompyuta ya Shule na Swichi ya Mama Mwenye Nyumba

Kompyuta ya shule haikuwa na tatizo lolote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio katika shule moja ya msingi ya binafsi huko Magamba, mwalimu wa kompyuta wa shule yenye kompyuta moja. Mwalimu mkuu aliniruhusu niibebe hadi chumbani kwangu Mpanda mjini nimalizie ripoti za mwisho wa muhula. Alama za watoto wote zilikuwa humo. Wazazi wangekuja Ijumaa. Mkataba wangu, alisema, tungeuzungumza baada ya hapo.

Jumatatu nilimaliza kazi mapema. Mtu mwingine angeenda kutembea. Mimi nilianza kusoma habari za bayosi, ile programu ndogo inayokaa kwenye bodi kuu ya kompyuta na kuiamsha kabla ya Windows. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, na ilikuwepo mpya. Nikawaza: itakuwaje kompyuta ikigoma Ijumaa kwa sababu ya bayosi iliyozeeka, halafu mwalimu mkuu aniulize kwa nini sikuisasisha? Sidhani kama kuna mwalimu mkuu aliyewahi kuuliza swali hilo. Nikaisasisha.

Skrini ilionya kwamba umeme usikatike. Hilo nilishalifikiria. Nilikuwa nimeuliza majirani kama kuna tangazo la kukatwa umeme, na nimehakikisha mita ina uniti. Sikufikiria radi.

Mama mwenye nyumba wangu ana utaratibu wake. Ikisikika ngurumo ya kwanza, anafunika kioo cha kabati kwa kitenge, anagonga milango ya wapangaji wote tuzime simu, kisha anashusha swichi kuu ya nyumba. Nilimkuta koridoni mkono ukiwa tayari juu.

"Mama, dakika nne tu."

"Radi inajua kuhesabu dakika?"

"Nikikatiwa sasa hivi kompyuta inakufa."

"Na nisipokata unakufa wewe. Kompyuta ina mwenyewe huko shuleni. Wewe nitaenda kumwambia nini mama yako?"

Tulibishana kwa muda. Nilitoa hoja tatu, na ya pili ilikuwa nzuri. Akashusha swichi.

Mvua ilipopita, umeme ukarudishwa, nikawasha. Feni ikazunguka, skrini ikawaka, ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Nikajua bayosi imekatikia katikati.

Asubuhi mwalimu mkuu alipiga simu. Nikamweleza kwamba mama mwenye nyumba alizima umeme kompyuta ikiwa kazini, na sasa Windows haifunguki. Kila neno lilikuwa la kweli. Uani nikawaeleza wapangaji pia, kwa kuwa waliuliza. Dereva bodaboda wa chumba cha tatu akaanza kumwamkia mama mwenye nyumba, "Shikamoo, mama Radi," na wenzake wakacheka. Mchana mama akaja mlangoni kwangu.

"Eti ni kweli nimeua mashine ya watoto?"

"Bado sina uhakika, mama."

Hilo nalo lilikuwa la kweli.

Jumanne na Jumatano niliitibu. Nilichomoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, nikavisugua kwa raba ya kufutia. Nikabadilisha waya wa diski. Nikatoa ile betri ndogo kama sarafu, nikasubiri, nikairudisha. Nilifanya hivyo mara tano, mara ya tano nikiwa nimenawa mikono. Ningeweza kuchomoa diski nikaichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, lakini nikawaza: je, ikiua na ile?

Alhamisi asubuhi nikasoma tena maelezo ya bayosi mpya kwenye simu, safari hii hadi mstari wa mwisho. Ulisema kwamba baada ya kusasisha, mipangilio yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Windows ya shule ilikuwa imewekwa kwa mfumo wa zamani wa kuwashia, na sasa bayosi ilikuwa ikitafuta mfumo mpya tu. Kila nilipotoa betri nilikuwa nairudisha bayosi kwenye mipangilio ileile ya kiwandani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua mfumo wa zamani, nikahifadhi. Windows ikafunguka. Alama zote zilikuwepo.

Furaha yangu ilidumu kama dakika moja. Nilikumbuka kwamba juu ya ule ukurasa wa mipangilio paliandikwa namba ya toleo la bayosi, na lilikuwa toleo jipya. Kazi ilikuwa imekwisha salama tulipokuwa tunabishana koridoni. Swichi haikuharibu kitu. Hata kama mama angeniachia umeme usiku mzima, ningekutana na skrini ileile.

Nikaenda kumwambia. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anafua uani.

"Kaenda Magamba kwa mwalimu mkuu wenu," akasema. "Kuomba msamaha. Kavaa gauni la kanisani, kabeba na kuku."

Nikakodi bajaji, kompyuta mapajani. Nilipofika ofisini walikuwa wameshamaliza. Kuku alikuwa chini ya kiti, amefungwa miguu.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akasema, "mama nimeshamsamehe. Radi ni radi. Mashine vipi?"

"Imepona."

"Mungu mkubwa!" mama akasema, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Ningeweza kuishia hapo. Kila mtu ofisini alikuwa na furaha, na mkataba wangu ulikuwa bado mzima. Nikaanza kueleza habari za mipangilio ya kiwandani.

"Kwa kifupi, mwalimu."

"Mama hakuharibu kitu. Ni mimi."

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi."

"Na Jumanne uliniambia nini?"

"Kwamba mama alizima umeme."

"Alizima?"

"Alizima."

Akatazama saa. "Ripoti ziwe mezani kwangu saa nane. Ya mkataba tutaona."

Mama alikuwa ameshasimama. Akainama, akamvuta kuku wake kutoka chini ya kiti, akambana kwapani.

"Siku tatu naitwa mama Radi uani kwangu," akaniambia, "na wewe unasikia."

"Nisamehe, mama."

"Huyu nilimleta kwa kosa langu. Kosa kumbe silo langu, narudi naye. Wewe lete wako."

"Sawa, mama."

"Na awe jogoo. Wewe umesoma."

Mwalimu mkuu hakupinga. Nikaunganisha printa, nikaanza kuchapa ripoti za darasa la kwanza, nikiwaza ni jogoo wa ukubwa gani anayetosha kwa siku tatu.