Mieleka ya Kijapani na Maziko ya Babu

Mieleka ya Kijapani ina kasoro moja kubwa, nayo ni adabu. Nasema hivi kama mtu aliyeitazama kikazi, maana mimi ni mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video hapa Naguru. Kazi yenyewe ni kushika maikrofoni na kuwaeleza watazamaji wanayoyasema watu wa kwenye skrini. Vibanda vingine vya Kampala hutafsiri kwa Kiganda. Chetu ni cha mama mmoja Mkongomani, na wateja wake ni Wakongomani wenzake na familia za askari, kwa hiyo ni Kiswahili tu. Kijapani sikijui hata salamu. Hilo halijawahi kumzuia mtafsiri yeyote wa mji huu.

Mama huyo mwenye kibanda alipoleta onyesho la mieleka kutoka Japani, nililikagua nyumbani kwanza. Umeme ukakatika pambano kuu likiwa katikati, nikajiambia nimeona ya kutosha. Kilichobaki kilikuwa hadithi, maana watu wetu hawawezi kutazama watu wakipigana bila kujua ugomvi ulianzia wapi.

Hadithi nikaiokota pale pale nyumbani. Baba yangu, askari mstaafu kutoka kaskazini, alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya askari. Babu alipofariki kulikuwa na gwaride, na baba hakuomba hata ruhusa ya kwenda kuzika. Baba mdogo akamzika babu peke yake. Miaka kumi na moja ndugu hao hawajasemezana, na kwetu jambo hilo haliguswi. Mimi nikaligusa kwa maikrofoni. Sikuona hatari yoyote, kwa sababu baba hakuwahi kukanyaga kibandani. Alisema ni mahali pa watu wasio na kazi.

Jumamosi ya onyesho, mchana, akakanyaga. Aliingia na shati lililopigwa pasi, akaketi benchi la mbele kabisa. Nilipomwona, maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ile mkubwa ya nguo nyeusi ndiyo kaka!" nilikuwa nimetangaza. "Mzee yao alikufa, yeye hapana kuja kuzika! Huyu mwembamba alichimba kaburi peke yake!"

Kibanda kizima kikamzomea kaka mkubwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kurudi nyuma haikuwezekana, watu walishachagua upande. Nikawa naomba jambo moja tu, baba asijitambue.

Kwa bahati alikuwa na shughuli yake, ya kukosoa, na kusema kweli alikuwa na haki. Watazamaji wa Japani wameketi kimya kama wako ibadani, kisha wanapiga makofi wote pamoja, kisha kimya tena. Wapiganaji nao wanachapana vifuani kwa zamu. Huyu anachapa, halafu anatoa kifua chake na kungoja achapwe.

"Sasa huyu nangoja nini?" baba akawauliza watu wote. "Adui iko mbele, yeye nasimama tu, kama mutu ya foleni!"

Lile jitu la nguo nyeusi likamtupa mwembamba nje ya ulingo, refa akaanza kumhesabia arudi, polepole, mpaka ishirini.

"Ishirini?" baba akafoka. "Ile ni refa ama mwalimu ya darasa ya kwanza?"

Refa mwenyewe aliguswa bega kidogo tu, akazimia, kisha akaamka kuendelea kuhesabu. Mwembamba akabwagwa kwa kichwa mara tano, na mara zote tano akainua bega kutoka sakafuni kabla hesabu ya kushindwa haijafika tatu. Hapo hata mimi nilikasirika. Mtu akiweza kuvunjwa shingo mara tano akainuka, ile ya kwanza tulimwonea huruma ya nini? Watu walicheka mpaka mama akamaliza karanga zote alizokuwa akiuza, nami nikaanza kupumua.

Kisha ikafika ile nusu ambayo sikuwa nimeiona. Jitu likashinda.

Kibanda kizima kikanigeukia.

"Namna gani mutu mubaya anashinda?" mama akaniuliza kwa sauti kutoka mlangoni.

Kwenye skrini mshindi hakuinua mikono juu. Alipiga magoti mbele ya mwembamba, akaweka paji la uso sakafuni, akasema maneno marefu huku analia. Ndiyo hiyo adabu ninayoilalamikia. Baba alikuwa ameacha kukosoa. Hakuwa anatazama skrini, alikuwa ananitazama mimi, na nikaelewa kwamba alijua tangu mwanzo kuwa kaka huyo ni yeye. Nikainua tena maikrofoni.

"Anasema," nikaanza, "'Mdogo yangu, mimi nilikosa. Siku ile niliogopa kuona mzee kwa kaburi. Sababu ingine hapana.'"

Sijui niliyatoa wapi. Mwembamba akamwinua, wakakumbatiana. Wanawake wa Kikongomani wakapiga vigelegele, na askari mmoja nyuma yangu akapenga kamasi kwa kishindo.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma nikiwaza nitalala kwa nani. Tulipofika mlangoni akageuka.

"Ile refa hapana faa kabisa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na yale maneno ya mwisho. Mjapani alisema kweli?"

"Baba, mimi sijui Kijapani."

"Najua hujui." Akatoa simu yake mfukoni, akanipa. "Tafuta baba mdogo yako. Wewe sema kwanza, halafu mimi."

Nikatafuta jina lake, nikapiga. Simu ikaita muda mrefu, kisha nikasikia sauti ya baba mdogo akiuliza ni nani. Nikaanza kumwamkia. Sikumaliza, baba alininyang'anya simu.

"Niliogopa," akasema, hata salamu hakutoa.

Akasimama pale, simu sikioni, mkono mwingine umeshika mlango. Baba mdogo hakukata.