Mahema Yaliyofukizwa Udi

Kambi ya wanajeshi kule kisiwani Manda ilipokuwa inafungwa, walitafuta wanawake wa kuosha mahema kabla hayajawekwa kwenye makontena. Nilikwenda na shoga yangu, jirani yangu hapa mtaani Langoni. Njiani aliniuliza kama tutaosha na bunduki pia. Nikamwambia, siku utakayoniona na bunduki mkononi, mwambie mume wangu ajifiche.

Msimamizi wetu alikuwa sajenti, mwanamke kijana wa bara, mpole wa sauti lakini kwa kazi hana mchezo. Kila turubai tulilokunja alilikunjua tena, akatazama mishono na kamba. Adui yake ilikuwa chumvi. Turubai lenye chumvi hunyonya unyevu, na likifungiwa hivyo huota ukungu. Ndiyo maana tulivushiwa maji matamu kutoka Shela, maana ya kisima cha pale Manda ukiyaonja utatema.

Wakati wa chai alinionyesha picha ya mwanawe kwenye simu. Alimwacha kwa mamake akiwa bado ananyonya, sasa anatembea. Likizo alishapewa, lakini hangeweza kuondoka mpaka afisa wa ukaguzi aje apitishe vifaa vyote.

"Juzi nilimpigia kwa video," akasema. "Aliponiona akajificha nyuma ya nyanya yake."

Mimi nimezaa, na neno lile lilinichoma. Nikajiapiza kuwa mahema yale yatapita, mtu apende asipende.

Sasa, kwetu sisi nguo haiingii kashani bila kufukizwa. Hata shuka la kulalia, sembuse kitu kinachokwenda kufungiwa miezi na miezi. Asubuhi ya ukaguzi, sajenti alipokwenda jetini kumpokea afisa, nikatoa chetezo na udi wangu mzuri, ule niliouweka kwa arusi ya binti yangu. Tukapitisha moshi hema baada ya hema. Shoga yangu akasema hata panya ataona haya kuingia humo. Nilijiona nimefanya la maana.

Afisa aliinama kwenye hema la kwanza. Akanusa. Akanusa tena.

"Sajenti, hii ni kambi au chumba cha bi arusi?"

Tukacheka sisi wawili, yeye hakucheka. Akasema mwanajeshi akilala ndani ya hema lile msituni, adui atamnusa kabla hajamwona. Yaanikwe mpaka harufu iishe, yeye atarudi kesho kutazama. Na mpaka hapo, hakuna wa kwenda likizo.

Sajenti akapiga saluti. Afisa alipokwisha kuondoka, akaketi juu ya sanduku akafunika uso kwa kofia yake. Basi lake lilikuwa la siku ile ile. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

"Najua, Mama," akasema. "Tuanike."

Tukaanika. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, tukashika turubai pembe kwa pembe tukakung'uta mpaka mikono ikafa ganzi. Shoga yangu alikuwa kila mara akiingiza kichwa ndani na kusema bado. Udi mzuri hautoki upesi, na siku hiyo niliulaani uzuri wake.

Kesho yake afisa alinusa kila hema, akatikisa kichwa kukubali. Makontena yakatiwa kufuli.

Sajenti alikuja kuniaga na begi lake begani. Nilikuwa tayari kwa lawama yoyote. Akafungua begi akatoa leso, ile aliyokuwa akimbebea mtoto.

"Mama, ule udi umebaki?"

"Upo kidogo."

"Nifukizie hii."

Nikamwuliza, huyo mtoto wa bara udi ataujulia wapi? Si atakukimbia zaidi?

"Harufu yangu ameshaisahau," akasema. "Basi aanze kunijua kwa hii."

Nikapuliza makaa pale pale kando ya makontena, nikautia wote uliobaki.