Plau Iliyolala kwa Shangazi

Niliporudi kijijini kutoka chuo cha kilimo, nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na diploma, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Sikusomeshwa na mjomba wala na misheni. Nilikata mkonge, nikajilipia ada, nikafaulu. Treni ilinishusha Itigi nikiwa nimevaa suti, nimebeba redio, na plau mpya imefungwa magunia. Lori likanifikisha Mkiwa, na kutoka pale plau ilibebwa na punda wa kuazima hadi nyumbani.

Watu walikuwa wameshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitania atakavyo. Aliitisha mkutano kabla vumbi la safari halijanitoka.

"Ndugu zangu," alisema, "mwenzetu amerudi na suti, redio na plau. Suti haitatuenea sote, avae mwenyewe. Redio tutaisikia hata asipotualika, maana anaifungulia mpaka mbuzi wanakimbia. Lakini plau iende stoo ya kijiji."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi nilisimama. Mvua zilikuwa karibu, maksai wawili walioachwa na marehemu baba walikuwa zizini, nami nilikuwa nimekusudia kulima shamba kubwa kuliko la mtu yeyote pale.

"Ndugu Mwenyekiti, plau ya kijiji iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Nyuma ya ofisi."

"Na gurudumu lake?"

Sauti kutoka nyuma ikajibu, "Watoto wanalichezea!"

"Basi yangu haiendi stoo," nilisema.

"Basi wewe ni mnyonyaji," alisema mwenyekiti, na safari hii hakuwa akitania.

Siku hizo neno hilo halikuwa dogo. Aliyeitwa hivyo hakupata mtu wa kumsaidia hata kupandisha boriti za nyumba yake ya tembe. Shangazi yangu, dada wa baba, mjane ambaye kijiji kizima kilimwogopa, alicheka kuliko wote. "Mtoto wa kaka yangu amesoma mpaka amesahau watu!" alisema.

Sikuwa nimesahau. Nilimkumbuka baba. Kwetu sisi Wanyaturu, mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwake. Wengine humpa rafiki awalee. Rafiki hunywa maziwa, samadi huenda shambani kwake, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na kila mtu hujua ni wa nani. Hivyo baba aliishi tajiri bila kuchukiwa.

"Plau yangu nitampa mtu ailee," nilitangaza, "kama ng'ombe."

"Plau inakamuliwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Inakamuliwa shambani. Atakayetaka aende akaombe kwa mlezi. Na mlezi ni shangazi."

Sikumchagua kwa huruma. Nilijua hakuna mtu angethubutu kumrudishia plau yenye boliti iliyolegea. Mkutano ulikubali, na shangazi aliichukua siku ileile, akaiweka ndani, karibu na ghala lake.

Mvua ziliponyesha nilimfuata nikiwa na maksai wangu.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuchukua plau."

"Marahaba. Kuchukua?" Aliniangalia kutoka viatu hadi kofia. "Baba yako alipotaka maziwa ya ng'ombe aliyekuwa kwangu, alikaa akaomba kama mgeni. Wewe nani?"

"Mwenye plau."

"Mwenye plau, kaa chini. Zamu yako ni baada ya mwenyekiti."

Mimi mwenye diploma, nisubiri chombo changu nyuma ya mtu aliyeniita mnyonyaji! Ningeweza kuingia ndani nikaibeba, na asingenizuia. Lakini ningetoka na plau pamoja na lile jina, na safari hii ningelistahili. Nikaketi, nikaomba.

Kisha nikaenda shamba la kila aliyenitangulia. Niliwafundisha kurekebisha kina cha plau na kugeuza maksai bila kuharibu mstari, kwa sababu kadiri walivyomaliza upesi ndivyo zamu yangu ilivyosogea. Hakuna aliyelima vibaya mwaka ule, na nasema wazi kwamba ilikuwa kazi yangu.

Hata hivyo nilipanda nimechelewa. Uwele wangu ulikuwa mfupi kuliko wote kijijini, na wa mwenyekiti ulimpita kichwa. Nilimkuta akipalilia.

"Huo umesimama kwa plau yangu," nilimwambia.

"Nani amekataa kuwa ni yako?" alijibu, akaendelea na jembe lake.

Huko ndiko nilikotaka afike: alime kwa plau yangu, na akiri kuwa ni yangu. Tangu wakati huo sijakubaliana na wanaosema kutaka mali ni kukosa utu, wala na wanaosema mali ya mtu haiwahusu majirani. Nilitaka plau, na bado ningeitaka leo.

Nilivuna kidogo, na chakula changu kiliisha kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Shangazi alileta debe la uwele bila kuombwa, akalitua mlangoni kwa kishindo na kuniita kwa sauti kubwa, ili mstari mzima wa nyumba usikie uwele ni wa nani. Nilitoka nikalipokea mbele ya wote, nikala, nikaanza kuweka akiba ya plau ya pili.