Zege la Matofali Yaliyovunjika

Nilisafiri kwa sababu ya sakafu iliyoharibika. Masista wa misheni yetu, nje kidogo ya Njombe, walibomoa jiko la zamani, nami nikawashawishi wasinunue kokoto: tungeponda matofali yale ya kuchoma na kuyatumia kwenye zege la sakafu ya bweni. Baada ya wiki chache chumba cha kwanza kikaanza kumomonyoka. Nilimwambia Sista Imelda, mkuu wao, kwamba mwenzangu, fundi Mwalongo, alipunguza saruji. Mwalongo aliacha kazi.

Saidi, mpimaji wa zege katika yadi moja huko Makambako, alinielekeza kwa simu nitengeneze vitalu viwili vya zege vya kupimwa, kwa kiasi kilekile cha saruji, kimoja kwa vipande vikavu vya matofali, kingine kwa vipande vilivyolala kwenye maji. Nikasubiri wiki nne vikomae.

Saa moja asubuhi nilikuwa stendi ya Njombe, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Kondakta alitaka kuweka mfuko wangu wenye vitalu kwenye buti. Nilikataa, nikaupakata njia nzima, mashamba ya chai yakiisha na miti ya miwati ikianza. Nilijua vitalu vyote vikipasuka, Sista atatafuta fundi mwingine.

Makambako ilinipokea kwa upepo na vumbi. Mke wa Saidi alinipa chai na chapati kwanza, ndipo tukaenda kwenye mashine ya kukandamiza zege. Kitalu cha vipande vikavu kilipasuka mapema.

"Tofali kavu linakunywa maji ya saruji," Saidi alisema. "Saruji ikikosa maji, haishiki."

Cha pili kilistahimili. Mshale wa kipimo ulipanda, ukapita alama aliyonionyesha.

"Kwa sakafu inatosha, fundi. Nguzo usijaribu."

Nilikaa chini palepale. Kisha nikakumbuka kwamba kiasi cha saruji kilikuwa kilekile katika vyote viwili. Mwalongo hakupunguza saruji.

Jioni, niliposhuka Njombe, nilikwenda kwake kabla ya misheni. Tulisalimiana, "Kamwene." Nikamsimulia yote, nikamwambia kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyekataa tupoteze siku kuloweka matofali.

Akauliza, "Sista umemwambia?"

"Bado. Naenda sasa."

Akachukua koti lake. "Twende wote."

Vyumba vilivyobaki tulivimaliza pamoja kwa matofali yaliyolowekwa, na sakafu imeshika. Siku hizi kazi ikiharibika napima kwanza, kabla sijataja jina la mtu.