Mkwe Asiyeinua Macho

Daktari wa Mwanza aliponiambia nina usonji, nilimwambia amekosea mgonjwa. Usonji ni wa watoto, na mimi ni mama wa watu, fundi cherehani mwenye duka lake Tarime mjini. Hakucheka. Nilikuwa nimekwenda kwake kwa ajili ya kichwa kilichoniuma kila siku ya gulio, na sasa ananiuliza kama huwa ninawatazama watu machoni. Nilipigwa na butwaa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo bila kunigombeza.

Kwetu, karibu na Sirari, macho yangu yalikuwa kesi ya ukoo mzima. Shangazi alikuwa akija kutoka upande wa Kenya, mkono umenyooshwa tangu mlangoni, na mimi natazama viatu vyake. "Haka kasichana kanajiskia sana," alimwambia mama. "Si usalimie watu vizuri, wewe!" Mama alinifinya. Nilijitahidi, Mungu anajua, lakini kumtazama mtu machoni kulikuwa kama kutazama moto wa kuchomelea vyuma. Unaweza kidogo, kisha unalipa siku nzima.

Halafu nikaolewa na Mkurya mwenzangu wa kijiji cha jirani na Nyangoto, nikawa malaika. Kwa mila za ukoo ule, baba mkwe na mke wa mwanawe huoneana haya. Humpi mkono, humtazami usoni, hukai karibu naye, na ukikutana naye njiani unampisha kwa mbali. Wake wa shemeji zangu walijisahau, wakacheka mbele yake, wakasemwa. Mimi sikujisahau hata mara moja. Nilikuwa nimefika peponi na hakuna aliyejua. Mzee akaanza kunitaja kwenye vikao: tazameni mke wa mwanangu mkubwa, huyo ndiye aliyelelewa. Mama yangu alipopata habari hizo alikaa chini kwa mshangao.

Baada ya Mwanza nilimweleza mume wangu. Akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii hukuwa umeninunia?" Nikacheka hadi nikalia. Dukani nikaanza kuziba masikio kwa pamba siku za gulio, na wateja wakazoea kuingia mmoja mmoja. Kichwa kikapungua kuuma. Mzee peke yake hatukumwambia, kwa sababu kwake nilikuwa na jina zuri, na jina hilo nililipenda.

Kisha miguu yake ikakataa kutembea, akanichagua mimi nimhudumie. Akaita wazee wenzake, akachinja mbuzi wa kuondoa haya kati yetu. Mbuzi huyo akishaliwa, mkwe anakuwa binti: anampa mzee mkono, anamtazama, wanaketi na kuzungumza. Ukikataa hapo, umemkataa yeye, na mbele za watu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Inua macho unitazame."

Nilijaribu. Nikaishia kutazama kwato za yule mbuzi zilizobaki kwenye majani ya mgomba. Nikasikia wazee wakiguna.

Asubuhi yake nilimpelekea uji, akageukia ukuta. "Nimekukosea nini, mama?" Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: daktari, usonji, shangazi, macho. Nilijiandaa kuitwa mwendawazimu.

"Na wengine huwatazami? Hata mama yako?"

"Hata mama, baba."

Akasema taratibu, "Kumbe haikuwa kwa ajili yangu."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa daktari. Nilihangaikia jina langu tu, kumbe na yeye alikuwa na lake. Heshima aliyojivunia kwenye vikao nilikuwa nimemnyang'anya kwa mkono wangu, na bakuli la uji nimelishika. Nikasema lililokuja mdomoni.

"Macho hayakuwa kwa ajili yako, baba. Lakini nyumba zote naingia kwa hofu, hata ya kwetu. Hii yako sijawahi kuiogopa."

Baadaye aliniita nimsaidie kutoka nje. Akataka kiti chake kielekezwe kwenye zizi, na kingine kiwekwe ubavuni, nacho kielekee huko huko.

"Wewe tazama ng'ombe," akasema. "Na mimi natazama ng'ombe. Yule mweupe anachechemea, unamwona?"

"Namwona."

"Haya, nipe uji."

Tukakaa. Jua likapanda. Mmoja wa wale wazee wa jana akapita njiani, akasimama kwenye ua, akapaza sauti kwa utani wenye mwiba: "Huyo mkwe wako bado hakutazami? Mbuzi wetu ameliwa bure!"

Sikuwa nimesema neno tangu uji uishe.

"Tupishe," baba mkwe akamjibu, macho yake kwenye zizi. "Tunaongea."